Uso Wake Hatukuuona: Maneno kwa Wenye Nyumba Wanaotafuta Kamera za Nje

Wazee wetu, mama zangu, ndugu zangu wote mliofika, hamjambo.

Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nimefunga kamera kwenye nyumba za watu kwa miaka mingi, na kuna jambo moja ningependa kila mwenye nyumba alijue kabla hajatoa hela mfukoni. Nitaanza na kisa, kwa sababu kisa hicho ndicho kilichobadilisha namna ninavyofanya kazi.

Asubuhi moja nilipigiwa simu na mama mmoja mtu mzima anayeishi na wajukuu wake wawili. Usiku wa kuamkia siku ile waliingiliwa. Nyumba ilikuwa na kamera 6, zote zimefungwa chini ya ukingo wa paa la ghorofa, na zote zilikuwa zinafanya kazi vizuri. Tukakaa mezani, mimi, yeye na mwanawe mkubwa, tukaanza kuangalia. Tulimwona mtu akiruka ukuta. Tukamwona akivuka uwanja, akisimama kibarazani, akihangaika na dirisha, akiingia, akitoka na mzigo begani. Dakika 18 tulimtazama mtu yule, na katika dakika zote hizo tulichokiona ni kofia kwa juu na mabega mawili. Mama akanigeukia akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni nani?" Sikuwa na la kumjibu. Na kamera zile zilifungwa na mimi.

Tangu siku ile, swali la yule mama ndilo kipimo changu. Siulizi tena kamera ina megapikseli ngapi, wala inaona mita ngapi. Nauliza: akipita mtu nisiyemjua, usiku, kofia kichwani, nitaweza kusema ni nani? Na nimegundua kuwa wengi wetu tunanunua kamera bila swali hilo. Tunachukua pakiti ya kamera 4 au 8 kwa sababu ni pakiti, tunazipeleka kwenye pembe nne za nyumba kwa sababu nyumba ina pembe nne, tunazipandisha juu kabisa ili mwizi asizifikie. Tunaishia na picha nzuri ya uwanja wetu wenyewe.

Niwarudishe nyuma kidogo. Kamera iliyounganishwa kwa waya na skrini ni kitu cha zamani. Wajerumani waliitumia Peenemünde mwaka 1942 kutazama roketi zikirushwa bila mtu kusimama karibu. Lakini ulinzi wa nyumba kwa kamera una mama yake, na jina lake ni Marie Van Brittan Brown. Alikuwa muuguzi, akiishi Queens, New York. Mara nyingi alikuwa peke yake nyumbani usiku, mume wake Albert, fundi wa elektroniki, akiwa kazini, na polisi walichelewa kufika walipoitwa. Yeye na mumewe wakabuni chombo chao, wakaomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1966, wakapewa tarehe 2 Desemba 1969.

Sasa sikilizeni walichokifanya, maana ndicho kilichonigusa nilipokisoma. Mlangoni walipanga matundu 4, moja juu ya jingine. Kamera iliweza kupanda na kushuka nyuma ya matundu hayo, ili kama mgeni ni mrefu ionekane sura yake, na kama ni mtoto ionekane sura yake pia. Picha ilikwenda kwenye skrini chumbani, sauti ilisikika, na kitufe kimoja kiliweza kufungua mlango mwenye nyumba akiwa mbali nao, kingine kuita msaada. Mwanamke yule hakuanza na paa. Alianza na uso. Alijiuliza uso wa mtu utakuwa wapi, na hapo ndipo alipoweka jicho lake. Zaidi ya nusu karne baadaye, mimi nilikuwa napandisha kamera juu ya ghorofa.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, tembea nyumbani kwako kama mtu asiyealikwa. Toka nje ya geti, kisha rudi ndani ukijiuliza: kuna sehemu gani ambayo lazima kila mtu apite? Karibu kila nyumba ina moja au mbili: mlango mdogo wa geti, uchochoro kati ya nyumba na ukuta, ngazi za kibaraza, mlango wa jikoni. Sehemu nyembamba hizo ndizo mali. Uwanja mpana hauna faida kubwa, kwa sababu hapo mtu anaweza kupita popote na kuangalia kokote. Kwenye uchochoro hana pa kukwepea, na uso wake unakuja mbele.

Kisha urefu. Tufanye hesabu pamoja. Kamera ikiwa mita 2.2 kutoka ardhini, na uso wa mtu uko kama mita 1.6, tofauti ni sentimita 60 tu. Mtu huyo akiwa mita 3 mbele ya kamera, inamtazama kwa pembe ya nyuzi 11 hivi kwenda chini, na kofia yenye ukingo haimfichi sana. Sasa ipandishe kamera hadi mita 6, kama nilivyofanya mimi kwa yule mama. Mtu akiwa mita 4 kutoka ukutani, kamera inamtazama kwa karibu nyuzi 48. Hapo hata asiye na kofia anakuonyesha nywele.

Najua mtasema: kamera ya chini si itavunjwa au kuibwa? Hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana kuna kipimo cha ugumu wa ganda, na kipimo kinachoandikwa IK10 maana yake ganda limejaribiwa kwa pigo la jouli 20, sawa na chuma cha kilo 5 kikiangushwa kutoka sentimita 40. Na ndiyo maana napenda kamera mbili zitazamane: ile ya juu inayoona eneo zima iwe pia inaiona ile ya chini. Anayekuja kuivunja ya chini atakuwa ameshaiangalia usoni kabla hajainua mkono.

Sasa tuje kwenye namba zilizoandikwa kwenye boksi, maana hapa ndipo watu wanapopotezwa. Pikseli ni vinukta vidogo vinavyounda picha, na megapikseli moja ni pikseli milioni moja. Picha ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa upana, kwa jumla kama megapikseli 2. Picha ya 4K ina pikseli 3,840, zaidi kidogo ya megapikseli 8. Muuzaji atakwambia 4K ni bora mara nne. Lakini pikseli hizo zinatandazwa juu ya eneo lote linaloonekana, kama shuka inayovutwa kufunika kitanda: kitanda kikiwa kipana mno, shuka haitoshi. Kinachohesabika ni pikseli ngapi zinaangukia mita moja ya upana pale mtu aliposimama. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2014, IEC 62676-4, kiliweka mpangilio ulio rahisi kukumbuka. Pikseli 25 kwa mita zinatosha kujua kuna mtu. Pikseli 125 zinatosha kumtambua mtu unayemfahamu. Ili uweze kubainisha bila shaka mtu usiyemjua ni nani, unahitaji 250. Uso una upana wa sentimita 16 hivi, kwa hiyo pikseli 250 kwa mita ni kama pikseli 40 tu juu ya uso mzima. Si nyingi. Chini ya hapo, macho na pua vinaanza kuwa madoa.

Chukua lenzi pana ya nyuzi 90, aina inayopendwa sana kwa kuwa inaonyesha uwanja wote. Kwa umbali wa mita 10, inaona upana wa mita 20. Gawanya 3,840 kwa 20, unapata 192. Kamera ya 4K imeshindwa. Sasa chukua kamera ya kawaida ya 1080p yenye lenzi ya nyuzi 45. Kwa mita 10 hizo hizo inaona upana wa mita 8.3 tu. Gawanya 1,920 kwa 8.3, unapata 231. Nayo haijafika 250, lakini kamera yenye robo ya pikseli imeipita ile ya 4K, kwa sababu imeambiwa iangalie geti na siyo dunia nzima. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na lenzi pana kwa mita 10 ni fimbo ya mbali.

Kwa hiyo dukani uliza kuhusu lenzi. Huandikwa kwa milimita. Kwenye kamera nyingi za nyumbani, 2.8 ni pana sana, inafaa mlangoni na kibarazani ambapo mtu anakuja karibu. 4 ni ya wastani. 6 na kwenda juu ni kwa ajili ya kuvuta geti lililo mbali au njia ndefu ya gari. Zipo pia lenzi zinazoweza kurekebishwa, kwa kawaida kutoka 2.8 hadi 12, na kama huna uhakika na umbali, hizo ndizo ninazoshauri, hata zikikugharimu zaidi.

Hapa naomba mnivumilie, maana nitakaa kwenye jambo la usiku muda mrefu kidogo. Karibu kila video inayoonyeshwa dukani imepigwa mchana. Mwizi wako haji mchana.

Giza likiingia, ukisimama karibu na kamera utasikia mlio mdogo, kama kitu kimegongana ndani. Ni kichujio kinachosogea kando ili kamera iweze kupokea miale ya infraredi, mwanga ambao jicho letu karibu halioni, na kuanzia hapo picha inakuwa nyeusi na nyeupe. Taa ndogo za infraredi kuzunguka lenzi ndizo zinazomulika. Zipo za nanomita 850, ambazo ukiziangalia moja kwa moja unaona wekundu hafifu, na zipo za nanomita 940 ambazo jicho halizioni kabisa lakini kamera nayo inazipokea kwa udhaifu zaidi, hivyo haziendi mbali. Boksi likisema "mita 30 usiku", elewa kwamba kwa mita 30 utajua kuna mtu. Hujaahidiwa sura. Mwanga ukienda umbali mara mbili, unabaki robo. Ndivyo mwanga ulivyo, hakuna kiwanda kinachoweza kuubadilisha.

Kuna mengine mawili kuhusu infraredi ambayo polisi wengi wameyajua kwa taabu. La kwanza, rangi hudanganya. Shati jeusi la kitambaa cha kutengenezwa laweza kuonekana jeupe kabisa, na shahidi akaapa kwamba mtu alivaa nyeupe. La pili, miale ile hurudishwa na chochote kilicho karibu: ukuta wa pembeni, ukingo wa paa, jani lililoning'inia, utando wa buibui. Na buibui wanapenda kamera, kwa kuwa wadudu wanakusanyika pale. Uzi mmoja wa utando mbele ya lenzi, ukimulikwa, unageuka kamba nene nyeupe inayocheza picha nzima, huku uso ulioko mita 5 nyuma yake unazama gizani. Kamera za duara zenye kifuniko cha plastiki zina ugonjwa huu zaidi, maana vumbi na alama za vidole kwenye kifuniko navyo vinamulikwa. Kwa nje, mahali pasipo na taa, mimi huchagua ile ndefu yenye umbo la tochi, au ile ya duara isiyo na kifuniko mbele ya lenzi.

Kisha kuna mwendo. Giza likizidi, kamera hujitahidi kwa kuacha lenzi ikusanye mwanga kwa muda mrefu zaidi. Picha inaonekana nzuri, angavu, uwanja unapendeza, hadi apite mtu. Kama kila picha inachukua sehemu moja ya 25 ya sekunde, anayekimbia mita 5 kwa sekunde atakuwa amesogea sentimita 20 ndani ya picha moja. Huo ni zaidi ya upana wa uso wake. Ndiyo maana mnaona mzuka. Anayetembea taratibu atasogea sentimita 5 au 6, bado ni ukungu. Ingia kwenye mipangilio uilazimishe kamera isizidi sehemu moja ya 100 ya sekunde usiku. Picha itakuwa nyeusi kidogo, utasikitika. Vumilia. Sura itasimama. Au, na hili ndilo bora kuliko yote, ongeza mwanga. Taa moja ya kawaida pale getini, inayowaka mtu akikaribia, hufanya kazi ambayo pesa nyingi za kamera haziwezi kuifanya: inarudisha rangi, inapunguza ukungu, na inamwambia anayekuja kwamba ameonekana.

Ukilinganisha kamera mbili kwa ajili ya usiku, angalia ukubwa wa kihisi, ile sehemu ndani inayopokea mwanga, na tundu la lenzi. Kihisi cha 1/1.8 ni kikubwa kuliko cha 1/2.8. Tundu lililoandikwa F1.0 hupitisha mwanga mara nne ya F2.0. Na pikseli milioni 8 zikibanwa kwenye kihisi kile kile kilichokuwa na milioni 2, kila pikseli inapata robo ya eneo. Kwa hiyo 4K ya bei ya chini mara nyingi ni kipofu usiku kuliko 1080p ya heshima.

Mvua na vumbi sitakaa navyo. Tafuta IP66 au IP67 basi. Ila nawasihi mlinde kiungio cha kebo. Kamera nyingi nilizozishusha zimekufa kwa maji yaliyoingia pale kebo inapoungana, wakati ganda lenyewe bado zima. Kiungio kiwe ndani ya kisanduku kilichofungwa, na kebo ishuke chini kidogo kama tumbo kabla ya kuingia ukutani, ili maji yadondoke yasifuate waya ndani.

Waya au bila waya? Nitasema ninavyoamini: palipo na uwezekano wa kupitisha waya, pitisha waya. Kebo moja ya mtandao inaweza kubeba picha na umeme pamoja hadi mita 100. Tafuta herufi PoE kwenye kamera na kwenye swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachounganisha kebo zote. Nunua kebo ya shaba halisi. Ipo kebo ya alumini iliyopakwa shaba. Ukiikwangua kwa kisu utaona weupe ndani. Kwa urefu mkubwa inapoteza umeme, na kamera itazimika usiku, pale pale taa za infraredi zinapowaka na kudai nguvu zaidi. Nimeona watu wakibadilisha kamera tatu mfululizo, kumbe tatizo ni kebo. Na swichi, ruta na rekoda viwe kwenye betri ya akiba, kwa sababu umeme unapokatika ndipo giza linapokuwa giza.

Kamera za betri nazo zina mahali pake: nyumba ya kupanga usiyoruhusiwa kutoboa, banda la mbali, kibanda cha shambani. Lakini mjue zinavyofanya kazi. Zinalala. Kinachoziamsha ni sensa inayohisi joto la mwili likisogea, na sensa hiyo huhisi vizuri mtu anayekatiza mbele yake kutoka upande hadi upande, huhisi vibaya anayeijia moja kwa moja. Mnaona mgongano? Kwa ajili ya uso tunataka aijie. Kwa ajili ya sensa tunataka akatize. Siku za joto kali, hewa inapokaribia joto la mwili, sensa inazidi kuwa nzito. Na ikiamka huchukua muda kidogo, hivyo mara nyingi unapata mgongo wa mtu anayeondoka. Kama ni lazima uitumie, iweke aonekane akija kwa mshazari, karibu, na usiiachie geti lako peke yake. Za waifai zisizo za betri ni afadhali, mradi ruta isiwe mbali. Masafa ya GHz 2.4 hupenya kuta vizuri kuliko GHz 5. Lakini waifai inaweza kuvurugwa na mtu aliyesimama nje na kifaa kidogo, kwa hiyo kamera hiyo iwe na kadi ya kumbukumbu ndani yake.

Tuje kwenye kumbukumbu. Sote tunajua siku za mwizi ni arobaini. Swali langu ni hili: rekoda yako ina siku ngapi? Kamera moja inayorekodi muda wote kwa megabiti 4 kwa sekunde inakula kama gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 4 ni 173. Diski ya terabaiti 2, ambayo wengi huuziwa, inajaa baada ya siku 11 na nusu, kisha inaanza kujifuta. Ukitaka zitimie siku 40 unahitaji terabaiti 7. Si lazima wote tufike huko. Kurekodi panapokuwa na mwendo tu kunapunguza sana, na mfumo wa kubana picha wa H.265 hutumia karibu nusu ya nafasi ya H.264. Lakini fikirini: aliyewaibia huenda alipita wiki tatu kabla, mchana, bila kofia, akiuliza njia. Picha yake nzuri kuliko zote ilikuwa ya siku ile, na imeshafutwa.

Rekoda yenyewe isiwekwe sebuleni chini ya televisheni. Itachukuliwa pamoja na televisheni. Ifungiwe mahali pasipotarajiwa, na nakala ya matukio muhimu iende kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hapo muulize muuzaji waziwazi: nisipolipa ada ya kila mwezi, kamera itaendelea kurekodi au itabaki kuonyesha tu? Baadhi hazirekodi chochote bila ada, na watu hugundua siku ya msiba. Na saa. Jamani, saa! Iunganishe kamera ijirekebishe saa yenyewe kwa intaneti. Ushahidi unaosema saa 8 mchana wakati ilikuwa saa 8 usiku ni zawadi kwa wakili wa mtuhumiwa.

Kikulacho ki nguoni mwako, na kamera ni jicho uliloliingiza nyumbani mwenyewe. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na rekoda duniani kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, takriban jozi 60. Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vya watu wa kawaida vikatumika kuangusha kampuni ya huduma za intaneti ya Dyn, na kwa saa kadhaa tovuti kubwa kubwa hazikufikika. Wenye kamera hawakujua lolote. Hatari haiko kwa wageni tu: mwaka 2023 FTC, mamlaka ya Marekani inayolinda watumiaji, iliishtaki kampuni moja ya kamera za nyumbani kwa kuwaachia wafanyakazi wake mlango wa kutazama video za faragha za wateja. Kwa hiyo badilisha nywila siku ile ile fundi anapoondoka, naam, hata kama fundi ni mimi. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye simu. Na kabla ya kununua uliza kampuni itaendelea kusasisha programu ya kamera hadi lini. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inakataza vifaa vya nyumbani vya intaneti kuuzwa na nywila moja ya kiwandani kwa wote, na inamtaka mtengenezaji ataje muda huo wa masasisho. Popote ulipo, unaweza kuuliza swali hilo hilo. Asiyeweza kulijibu, usimpe hela yako.

Jambo langu la mwisho ni jirani. Mtu mmoja huko Ucheki alivunjiwa dirisha mwaka 2007. Alikuwa ameweka kamera chini ya paa, ikitazama mlango wake, njia ya umma na mlango wa nyumba ya ng'ambo. Picha zikasaidia kuwapata washukiwa wawili. Lakini mmoja wa washukiwa akauliza kama kamera ile ni halali, na shauri likafika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo tarehe 11 Desemba 2014 ilisema kwamba kamera ya nyumbani inayorekodi njia ya umma haihesabiki tena kuwa jambo la ndani ya nyumba peke yake. Sheria ya kulinda taarifa za watu inaigusa. Haikusema ni marufuku. Ilisema una wajibu.

Wajibu huo mimi ninauona hata pasipo na sheria. Binti wa jirani ana haki ya kuanika nguo bila kurekodiwa nami. Kamera nyingi zinakuruhusu kuziba kwa rangi nyeusi sehemu ya picha isirekodiwe kabisa: ziba dirisha la jirani, ziba uwanja wake. Zima kurekodi sauti kama huna sababu nayo. Kisha mwite jirani aje aone kwenye simu yako kamera inaona nini. Nimeona majirani wasiosalimiana wakianza kusalimiana kwa sababu ya dakika tano hizo, na jirani anayekupigia simu saa 9 usiku kusema kuna mtu ukutani kwako ni wa thamani kuliko kifaa chochote ninachouza.

Kuhusu yule mama. Nilirudi kwake wiki ile ile, bila malipo. Tukaziondoa kamera 3 kati ya zile 6. Kati ya zilizobaki, moja tukaishusha hadi mita 2.2 mbele ya mlango mdogo wa geti, yenye lenzi ya milimita 6, na taa juu yake. Nyingine tukaielekeza uchochoroni. Ya tatu tukaiacha juu ilinde hizo mbili. Halafu usiku, saa 4, nikamwomba kijana wangu wa kazi, ambaye mama hajawahi kumwona, avae kofia na kupita getini kwa mwendo wa haraka. Asubuhi nikampanga kijana yule mstari mmoja na wenzake watatu, nikampa mama simu yenye picha, nikamwomba aniambie ni yupi.

Hakusita. Akanyoosha kidole.

Fanyeni jaribio hilo nyumbani kwenu kabla hamjamlipa fundi sehemu ya mwisho ya hela yake. Naona mikono miwili imeinuka kule nyuma tangu nilipotaja kamera za betri. Karibu, dada, anza wewe.